Kuwalinda Kuku wa Nyumbani Usiku wa Kipupwe: Mwongozo kwa Wafugaji wa Nyanda za Juu

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Agosti, wakazi wa Njombe, Makete, Mufindi na vilima vya Mbeya hulala kwa mablanketi mawili, na kuku wao hulala na manyoya yao tu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Usiku wa Juni au Julai usio na mawingu, halijoto mjini hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na kule Kitulo jalidi, ile barafu nyembamba, hukutwa alfajiri imelala juu ya nyasi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kuku kumi, ishirini au hamsini nyuma ya nyumba, ambaye hana umeme wa uhakika wala fedha za kununua mitambo ya kupasha joto. Mfugaji wa Limuru, Kinangop au Molo huko Kenya, ambako baridi ya Julai haina tofauti kubwa na yetu, anaweza kuufuata bila kubadili mengi.

Jambo la kuelewa kabla ya kugusa nyundo ni kwamba kuku mzima ana joto la mwili linalokaribia nyuzi 41, yaani zaidi ya letu, na manyoya yake, anapoyatutumua, hushika hewa iliyotulia ambayo ndiyo blanketi lenyewe. Kuku mzima aliyeshiba, mwenye afya na aliye mkavu hauawi na baridi ya Njombe. Kinachomdhuru ni unyevu unaoyalaza manyoya, upepo unaoyafunua na njaa inayomkosesha kuni za ndani. Kuku hutoa mvuke kwa pumzi usiku kucha, na sehemu kubwa ya kinyesi chake ni maji. Kwa hiyo kuku thelathini katika chumba kilichozibwa kabisa hujitengenezea ukungu wao wenyewe.

Hilo nililijifunza kwa hasara. Kipupwe changu cha kwanza cha kufuga nililizungushia banda turubai kutoka chini hadi juu, nikaridhika kwamba hata siafu hapati pa kupita. Asubuhi ya nne, nilipofungua mlango, macho yaliniwasha kwa amonia, matone ya maji yalikuwa yamejipanga chini ya bati kama shanga, na kuku waliolala katikati walikuwa wameloa migongo. Wiki haikwisha kabla ya kuku sita kuanza kupiga chafya na kukoroma. Baridi ya nje haikuwa imeingia. Mimi ndiye niliyefungia unyevu ndani.

Hatua ya 1: Kagua banda mwezi Mei, kabla ya baridi

Tazama kwanza banda limesimama wapi. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, nayo usiku huteremka mabondeni na kutuama huko, ndiyo maana jalidi huunguza viazi vya kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni, huku vya mlimani vikisalimika. Banda lililo chini kabisa ya kiwanja, karibu na mto, litakuwa na baridi na ukungu kuliko banda lililo hatua hamsini juu yake. Kama bado hujajenga, panda juu kidogo, lakini usifike kwenye kilele ambako upepo hauna kizuizi.

Kisha tazama linaelekea wapi. Katika miezi hii upepo wetu mwingi hutoka kusini-mashariki, na jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa anga. Kwa hiyo ukuta wa kusini na wa mashariki uwe mzima, na dirisha au upande wa wavu uangalie kaskazini, ili jua la saa nne liingie hadi kwenye maranda na kuyakausha. Mafundi wengi hujenga banda kwa kufuata barabara au uzio, na mfugaji huja kugundua Julai kwamba wavu wote unaangalia kusi.

Mwisho, pima upepo mahali kuku wanapolala. Ingia ndani jioni yenye upepo, funga mlango, kisha ning'iniza unyoya mmoja mwepesi kwa uzi mrefu sawasawa na kimo cha kichwa cha kuku aliyetua kwenye kichanja. Ukitulia, sawa. Ukiyumba au kuzunguka, kuna tundu linalopuliza, na unyoya wenyewe utakuonyesha upande wa kulitafuta. Rudia kipimo hicho kila mwisho wa kichanja, kwa sababu mara nyingi pembe moja ndiyo yenye kasoro.

Hatua ya 2: Ziba chini, acha wazi juu

Mabanda mengi ya huku kwetu hujengwa kwa mabanzi, yaani yale maganda ya magogo yanayobaki mashineni baada ya kupasua mbao, na mabanzi hayajawahi kukutana sawasawa. Ziba nafasi zilizo kati yake kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa pamoja na kinyesi cha ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, kuanzia ardhini hadi sentimita 30 hivi juu ya vichwa vya kuku waliolala. Asiye na ng'ombe atumie udongo na nyasi peke yake, ila arudie kuziba nyufa baada ya wiki moja, udongo ukishakauka.

Juu ya hapo, chini kidogo ya paa, acha wazi mkanda wa sentimita 10 hadi 15, uliofunikwa kwa wavu wenye matundu madogo ili paka-mwitu na vicheche wasipite. Mkanda huo uwe katika kuta mbili zinazotazamana ikiwezekana. Ikiwa upepo wa kusini ni mkali mno, ubaki katika ukuta wa kaskazini kwa urefu wake wote, na upande wa kusini uachiwe matundu machache tu. Hewa yenye joto na mvuke hupanda, hutokea huko juu na kwenda zake, huku kuku wakiwa wamekaa chini ya njia hiyo ndani ya hewa isiyotikisika. Huo ndio ufundi wenyewe wa banda la baridi, na hauna gharama.

Upande wa wavu unaoangalia kaskazini utahitaji pazia la usiku. Shona viroba vitupu pamoja, vipigilie ubao mwembamba juu na mwingine chini, ili vikunjwe asubuhi na kushushwa saa za magharibi, jua likizama. Karatasi ya nailoni huzuia upepo vizuri zaidi lakini hushika mvuke. Viroba vya kufumwa hupumua kidogo, nami huvipendelea kwa sababu hiyo.

Asubuhi, kabla ya kuufungua mlango wazi, ingiza pua kwanza. Ukisikia amonia, matundu ya juu hayatoshi au maranda yamelowa, hata kama kuku wanaonekana wazima. Pua yako iko juu ya yao, na wao wamekesha ndani ya hewa hiyo kwa muda wa saa kumi na mbili.

Hatua ya 3: Shughulikia bati

Bati hupoteza joto lake kwa anga wazi upesi sana, likapoa kuliko hata hewa inayolizunguka, na mvuke ukiligusa hugeuka maji. Paa la nyasi halina tabia hiyo. Mwenye bati atandike chini yake dari nyepesi ya matete, ya mabanzi membamba au ya viroba vilivyojazwa nyasi kavu kiasi cha unene wa kiganja, akiacha nafasi kati ya dari na bati ili hewa ipite. Dari ikae juu ya mkanda wa hewa wa hatua ya pili, isiufunike. Ikiwa banda ni refu sana kwenda juu, dari hii pia huwasaidia kuku kwa kupunguza chumba ambacho miili yao inapaswa kukipasha joto; kuku kumi waliowekwa katika banda lililojengwa kwa ajili ya mia hawataweza kulipasha, na ni heri watengewe pembe moja kwa kizuizi cha maboksi au mikeka.

Hatua ya 4: Lundika maranda

Sisi tulio karibu na mashine za mbao tuna bahati ambayo wafugaji wa mikoa mingine huinunua. Maranda ya msonobari, yale magamba yanayotoka kwenye randa, hufyonza maji na kuzuia baridi ya sakafu isipande. Vumbi laini la msumeno halifai kama maranda, kwa kuwa hupeperuka, huwakera kuku koo, na vifaranga hulila wakidhani ni pumba. Uliza pia mbao zimetoka wapi: mabaki ya nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yasiingie bandani kabisa. Penye mpunga, kama Kyela na Mbarali, pumba ngumu za mpunga hufanya kazi hiyohiyo.

Anza na kina cha sentimita 15 mwezi Mei, na kila wiki ongeza tabaka jembamba juu, hadi kufikia 25 au 30 katikati ya Julai. Usiyatoe yote kila wiki kama ulivyozoea wakati wa joto. Matandiko mazito yanayogeuzwa kwa uma mara mbili kwa wiki huoza polepole kwa chini na kutoa joto kidogo, na mtu akitia mkono ndani atalihisi. Joto hilo lisikudanganye ukaacha kugeuza: yakigandamana na kuwa kama mkate, hayafyonzi tena. Kipimo ni kuchota konzi moja na kuibana kwa nguvu. Yakishikana kidogo kisha yakaachana ukifungua kiganja, yako sawa. Yakibaki donge, yamelowa na yahitaji makavu. Yakiacha maji mkononi, toa sehemu hiyo yote siku hiyohiyo, maana ndiyo inayozaa amonia na kuharisha damu.

Chombo cha maji ndicho kinacholowesha maranda kuliko kinyesi. Kuku hawanywi gizani, kwa hiyo kitoe nje magharibi na ukirudishe asubuhi kikiwa na maji yaliyochanganywa na ya moto kidogo, yawe vuguvugu. Kuku aliyeamka na baridi akikuta maji ya barafu hunywa kidogo, na asiyekunywa hali vizuri.

Hatua ya 5: Kichanja cha ubao mpana

Kuku anayelala sakafuni hulala katika hewa ya baridi zaidi na karibu zaidi na kinyesi. Mpe kichanja chenye kimo cha sentimita 50 hadi 60, kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 25 kwa kila kuku. Wengi hutumia fito nyembamba au bomba la chuma lililobaki kwenye ujenzi. Fito nyembamba humlazimisha kuku kuizungushia vidole ambavyo hubaki nje ya manyoya, na bomba huvuta joto kutoka miguuni usiku kucha. Ubao wa inchi mbili kwa nne uliolazwa ule upande mpana ukiwa juu, kingo zake zikiwa zimelainishwa, humwezesha kukaa akiwa amevifunika vidole vyote kwa kifua chake. Nenda na tochi saa tatu usiku ukatazame: kuku aliyelala vizuri haonekani miguu, na kichwa amekificha chini ya bawa.

Vichanja vyote viwe na kimo kimoja, la sivyo watagombania cha juu na wanyonge watalala chini peke yao. Kagua nyufa za mbao kila wiki kwa ajili ya utitiri, kwa sababu kuku anayenyonywa damu usiku hushindwa na baridi ambayo wenzake hawaijali. Sanduku la majivu makavu na mchanga, lililowekwa mahali penye jua, huwasaidia kuoga vumbi wakati uwanja wote umelowa umande.

Wale wa kishingo, waliozaliwa bila manyoya shingoni, ni hodari wa joto la pwani na bondeni, lakini huku juu ndio wa kwanza kujikunyata. Wape nafasi ya katikati ya kichanja, au usiwaongeze. Kuku walio katikati ya kunyonyoka manyoya wahesabiwe vivyo hivyo hadi mapya yaote.

Hatua ya 6: Chakula cha magharibi

Kuku mzima hula gramu 100 hadi 120 kwa siku, na wakati wa baridi huhitaji zaidi kwa sababu sehemu ya chakula huteketezwa kuwa joto. Nyongeza hiyo itolewe saa moja kabla ya giza, iwe mahindi makavu yaliyoparazwa au mazima kwa kuku wakubwa, konzi moja ya mkono wa mtu mzima kwa kuku watatu au wanne. Punje husagwa polepole firigisini, na kuku huenda kulala akiwa na kazi tumboni. Wakishatua, papasa mfuko wa chakula ulio chini ya shingo ya kuku wawili watatu: unapaswa kuwa umejaa na mgumu kiasi. Ukikuta mtupu, kuku huyo anafukuzwa chakulani au anaumwa.

Mahindi haya ni nyongeza tu. Anayewapa mahindi matupu mchana na jioni atapata kuku wenye mafuta na wasiotaga, kwa hiyo mchanganyiko wa mchana wa pumba, mashudu ya alizeti na dagaa uendelee kama kawaida. Mahindi yaliyooza au yenye ukungu, yale ambayo watu husema "hayo ya kuku", yana sumukuvu, na kuku haivumilii.

Hatua ya 7: Vifaranga ni habari nyingine

Yote yaliyotangulia yamehusu kuku aliyekwisha ota manyoya. Kifaranga cha siku moja hakina blanketi lolote ila malaika yake, yale manyoya laini ya kuzaliwa, na baridi ya Juni hukiua kwa usiku mmoja. Kama kuna kuku jike anayelea, mwachie kazi. Mpe pembe yenye kizuizi, maranda makavu na chakula karibu, wala usimwongezee vifaranga wa kuku wengine kupita uwezo wa mabawa yake.

Wasio na mama walelewe katika kinengunengu, ile duara ya maboksi au ubao laini yenye kimo cha nusu mita, ambayo haina pembe za vifaranga kubanana hadi kufa. Kipenyo cha mita moja hutosha vifaranga 40 hadi 50 kwa wiki ya kwanza, kisha duara hupanuliwa. Joto la wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35 usawa wa migongo yao, likipunguzwa nyuzi 3 kila wiki hadi kufikia 21. Huku kwetu nisingewaondolea joto la usiku kabla ya wiki ya sita, hata kama wauzaji wa vifaranga husema wiki nne. Wiki nne ni za Dar es Salaam.

Kipimajoto ni kizuri, ila vifaranga wenyewe ni kipimo kilicho bora. Wakirundikana chini ya joto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukutani na kutanua mabawa, wamezidiwa na joto. Wakijikusanya wote upande mmoja, upepo unaingia kutoka upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wamelala kifudifudi kwa utulivu, nenda ukalale nawe.

Chanzo cha joto kwa wengi ni chungu cha mkaa au taa ya chemli, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome taratibu. Washa mkaa nje, usubiri moshi wote uishe na makaa yawe mekundu, uyafunike kwa majivu, kisha ingiza chungu na ukiweke juu ya matofali, kikizungushiwa wavu ili kifaranga asikiguse na maranda yasikifikie. Mkaa usio na moshi bado hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na inayomuua pia mtu aliyeamua kulala nao. Chumba hicho lazima kiwe na tundu la hewa kwa juu usiku wote, na mtu asilale humo. Balbu ya umeme ifungwe kwa mnyororo au waya, isining'inizwe kwa kamba ya katani wala kwa waya wake wenyewe, kwa sababu ikidondokea kwenye maranda makavu banda huteketea.

Ipo njia isiyotumia moto, iliyofanyiwa kazi sana katika nyanda za juu za Ethiopia, nayo ni sanduku la nyasi: sanduku dogo lililo ndani ya sanduku kubwa, nafasi ya kati ikijazwa nyasi kavu zilizoshindiliwa, likiwa na kifuniko cha kitambaa kizito kinacholegea hadi karibu na migongo ya vifaranga, na matundu ya hewa pembeni. Vifaranga hupashana joto wenyewe. Hufaa wakiwa kundi, si wawili watatu, na katika siku za kwanza chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye gunia huongezwa ndani na kubadilishwa usiku wa manane.

Kwa kuku wazima, sipendekezi moto wa aina yoyote bandani. Bibi zetu walilaza kuku jikoni karibu na mafiga, na watu wazima wengi huku wanakumbuka jogoo akiwika juu ya chungu; lakini jiko lile lilikuwa na paa la nyasi lililopitisha moshi, na watu wa nyumba walivuta vumbi la kinyesi pamoja na kuku wao. Kuku aliyezoeshwa joto la mkaa hupata pigo siku mkaa unapoisha saa nane usiku.

Hatua ya 8: Mtofautishe mwenye baridi na mgonjwa

Asubuhi ya baridi kuku wote hujitutumua na kusimama kwa mguu mmoja. Jua likishapanda, wazima huteremka na kuanza kuchakura. Anayebaki amejikunja saa nne asubuhi, mabawa yameshuka, kinyesi chake cha kijani au macho yanatoka povu, haumwi baridi. Mtenge na umwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hupenda sana kuzuka katika miezi hii ya ukavu na baridi, na hauna tiba. Chanjo yake hutolewa kila baada ya miezi 3, kwa hiyo panga mzunguko wako ili chanjo moja iangukie Mei, kundi likiwa bado na nguvu.

Kufungua tena

Usiondoe mapazia kwa siku moja kwa sababu jua la Agosti limewaka mchana. Baridi ya alfajiri hurudi hadi mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo anza kwa kuacha pazia likiwa limefunguliwa nusu kwa wiki moja, kisha liondoe, lifue na lianikwe kabla ya kuhifadhiwa mahali pasipofika panya. Udongo ulioziba mabanzi usiubomoe; utakuwa na kazi ileile mwakani. Maranda yote yatolewe sasa hadi kwenye sakafu, yarundikwe nje na kufunikwa kwa majani ya migomba hadi yapoe kabisa, kwani yakiwa mabichi huunguza mizizi, na kufikia mvua za Novemba yatakuwa tayari kwa mashimo ya mahindi.